Baridi ya Ndani

Asubuhi ya kwanza niliyoichukia Johannesburg kwa moyo wangu wote ilianza na chupa ya mafuta ya nazi. Nilitoka nayo Tanga, mafuta ambayo mama aliyapika kwa mikono yake. Nilikuwa nimemaliza kuoga, nikaitikisa chupa ili nijipake, hakikutoka kitu. Nikaigeuza chini juu, nikaipiga kitako kwa kiganja. Mafuta yalikuwa yameganda, meupe pe kama mshumaa, nami nimesimama katikati ya chumba na taulo, ngozi imepauka, meno yanagongana, nachokoa mafuta kwa mpini wa kijiko. Mwenzangu wa chumba alikuwa bado kitandani. Alinitazama kidogo, kisha akajifunika blanketi gubigubi. Nikamchukia na yeye.

Hakuna aliyenionya, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Siku naaga nyumbani niliusiwa mengi: nisitembee na simu mkononi, nisijibu mtu anayeniita barabarani, nisiamini kila anayeongea Kiswahili. Waliowahi kufika Sauzi walisimulia maduka makubwa na barabara pana. Hata mmoja hakusema kwamba kuna miezi utavaa koti ukila, koti ukiosha vyombo, na koti ukilala. Kwetu kipupwe ni upepo unaokufanya ujitande kanga ya pili jioni, na watu wanaufurahia. Huku, wiki ya kwanza ya Juni, pua ilianza kunitoka damu kwa ukavu wa hewa, midomo ikapasuka, na visigino vikachanika mpaka vikawa vinanasa kwenye shuka.

Nyumba zao nazo zimejengwa kama vile kipupwe ni uvumi. Madirisha ya chuma, membamba, pembeni yana upenyo wa kupitisha kisu. Sakafu ni vigae vitupu. Saa sita mchana jua linawaka nje, watu wanalifuata kando ya barabara kama paka, lakini ukiingia ndani unakuta ubaridi umekungoja palepale ulipouacha asubuhi. Kwa hiyo ilikuwa unatoka nje kupata joto na unarudi nyumbani kutetemeka. Nikiwaambia wenyeji, wananicheka. "Kuyabanda, sisi," wananijibu, kuna baridi, dada, kana kwamba wananipa habari mpya. Kila mtu alinisalimia hivyo mwezi mzima, muuza duka, mlinzi wa mlangoni, mwanamke wa kufagia ngazi. Nilifika mahali nikisikia neno lile natamani kumrushia mtu kiatu.

Tulikuwa wanawake watatu katika flati moja ya ghorofa ya nne, Yeoville. Mwenye flati, maana yeye ndiye aliyepangishwa, alikuwa binamu yake mama aliyemzidi umri, kwa hiyo kwangu ni mama mkubwa. Aliishi mji ule tangu ujana wake, akiuza kanga na vitenge mpaka magoti yalipomgomea. Sasa alishinda sebuleni kwenye kochi, sweta mbili mwilini na kanga mbili juu yake, akisikiliza nani amefungua bomba na amelifungua kwa muda gani. Chumba kikubwa kilikuwa chake. Kile kidogo tulilala mimi na msusi mmoja wa Kikongo, mtu wa Bukavu, aliyekuwamo kabla yangu na ambaye hakuficha kwamba kuja kwangu kulimbana. Katikati ya vitanda vyetu tulitundika pazia. Wateja wake aliwasukia sebuleni, na mama mkubwa alikubali kwa kuwa alipenda kuwa na watu wa kuwahoji.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa dirisha. Kitanda changu kilikuwa chini yake, na upepo uliopenya pale ulikuwa unanipiga moja kwa moja utosini. Nikaziba upenyo kwa matambara. Mwenzangu akirudi, anayatoa.

"Dada, fungua kidogo hii dirisha," ananiambia. "Miye sitalala mu chumba bila hewa."

"Hewa gani? Hiyo ni barafu."

"Kwetu Bukavu pia kuko baridi, na tunafungua."

"Hapa si Bukavu."

"Na si Tanga," anasema, na kulifungua.

Akilala mimi nalifunga. Akiamka analifungua. Tukifungua tunaganda, tukifunga pumzi zetu zinageuka maji juu ya kioo, maji yanatiririka hadi kwenye godoro langu, na ukuta wa pembeni ukaota ukungu mweusi uliokuwa ukinuka kama soksi mbichi. Nguo zilizofuliwa zilikaa siku nzima bila kukauka kivulini, na zile nilizoanika nje asubuhi na mapema nilizikuta zimekakamaa kama ngozi ya kuwamba ngoma. Blanketi la sufu bandia nililonunua mtaani lilikuwa linatoa cheche, ukilivuta gizani unaona vimwanga, ukigusa kitasa cha mlango kinakurusha. Sijui nieleze vipi hasira ya kupigwa na kitasa kabla hujanywa hata chai.

Kulikuwa na tangi la maji ya moto bafuni, lakini swichi yake ilikuwa chumbani kwa mama mkubwa, na mama mkubwa aliiwasha siku alizotaka kuoga yeye. Sisi wengine tulichemsha maji sufuriani. Alfajiri, kuchukua udhu, sikuwa na muda wa kuchemsha. Nilikunja mikono ya sweta nikayaingia yale maji ya bomba nikiwa nimefumba macho, na nakiri kuna siku nilinawa uso kwa haraka ambayo sidhani ilimridhisha mtu yeyote, achilia mbali Mola wangu.

"Shikamoo mama mkubwa," namwamkia nikitoka bafuni.

"Marahaba. Mbona maji yamechuruzika muda wote ule?"

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yangu ya kila siku.

Mwishowe mama mkubwa alichoka na kelele zetu za dirisha. Jumapili moja alituma aletewe gundi ile pana ya kahawia ya kufungia maboksi, akasimama kwa shida juu ya miguu yake mibovu, akaziba kila dirisha la flati ile, chumbani kwetu, kwake, jikoni na sebuleni, pande zote nne, tabaka juu ya tabaka.

"Kwisha," alisema. "Sitaki kusikia tena habari za dirisha nyumbani kwangu."

Mimi nilifurahi, na sikuificha furaha yangu. Mwenzangu alisimama mlangoni, kitana mkononi.

"Mama, hii si muzuri," akasema. "Nyumba inataka kupumua."

"Wewe suka nywele," mama mkubwa akamjibu.

Nilikuwa nafanya kazi Jeppestown, kwenye karakana ya kushona sare za shule. Ilikuwa ghala la zamani lenye paa la bati, na ndani yake baridi ilikuwa ya aina nyingine, baridi ya chuma. Cherehani ilikuwa baridi, mkasi baridi, sindano baridi. Vidole vilikufa ganzi mpaka nikawa naweza kujichoma nisisikie, nikaona damu kwenye kola nyeupe ndipo nikajua. Tulishona kwa glavu zilizokatwa vidole. Mwenye karakana alikuwa na hita ndogo miguuni kwake, chini ya meza yake, na hakuna aliyewahi kualikwa karibu nayo. Kwenda na kurudi nilitembea kwa miguu, nikipita Bertrams asubuhi moshi wa makaa ya mawe umetanda chini chini, nikikohoa kikohozi kilichoanza Juni na ambacho kila mtu aliniambia kitaisha chenyewe.

Siku yenyewe ilianza bila jua. Hilo peke yake lilikuwa jambo geni, maana kitu kimoja ambacho kipupwe cha Johannesburg hakikunyimi ni jua. Mbingu ilikuwa ya kijivu na imeshuka chini, na hapakuwa na upepo. Tulikuwa tumeketi kwenye cherehani, umeme ukakatika. Mgao wa umeme tuliuzoea, tukakaa tukingoja, mikono kwapani. Ndipo msichana aliyekuwa karibu na mlango akapiga ukelele. Nilidhani tumevamiwa.

"Theluji!" alikuwa anasema kwa Kiingereza. "Theluji, njooni!"

Wote wakatoka mbio, mimi nyuma yao. Vilikuwa vinaanguka vipande vyepesi, vikubwa kuliko nilivyofikiri, vinazunguka zunguka kabla ya kutua. Wafanyakazi wa karakana za jirani nao walijaa barabarani. Watu waliofika makamo walikuwa wanatoa ndimi nje kama watoto. Simu zilikuwa juu. Mwenye karakana, mtu ambaye tulimwomba ruhusa ya kwenda msalani kwa kunyoosha mkono, alisimama katikati ya barabara mikono ameitandaza, anacheka, na akaniambia mimi, ambaye hajawahi kuniambia kitu zaidi ya "mshono huu haukunyooka," kwamba nina bahati sana, kuna watu wamezaliwa na kuzeeka katika mji huu na hawajaiona.

Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa raba za kitambaa. Theluji ilikuwa inatua juu yake na kuyeyuka ikiingia ndani.

Umeme haukurudi, tukaruhusiwa kwenda nyumbani. Njia nzima ya kupanda Yeoville ilikuwa matope meupe yaliyosagwa na magari yakawa uji wa kijivu. Roboti, yaani taa za kuongozea magari, zilikuwa zimezimika, madereva wanapigiana honi, hakuna anayejua nani apite. Pale njia panda, kundi la vijana wakubwa walikuwa wanafinyanga madonge ya theluji na kuwarushia wapita njia, na moja likanipata shingoni, likavunjika, likateremka ndani ya sweta hadi kiunoni.

"Sharp, sisi!" mmoja akanipigia makofi.

Niliwatukana kwa Kiswahili kirefu, Kiswahili cha sokoni ambacho mama yangu hajui kama ninacho. Walifurahi zaidi. Nikaendelea kutembea, soksi zinatoa sauti kila ninapokanyaga, vidole vya miguu sivisikii tena, nikiwaza kwamba mji ulionitesa wiki na wiki kwa baridi kavu, baridi isiyo na hata sura ya kuonyesha watu, sasa umeamua kuipamba ili usifiwe.

Lifti ilikuwa haifanyi kazi kwa kuwa umeme hakuna. Nikapanda ngazi. Ujia wa ghorofa yetu ulikuwa wa nje, una ukuta mfupi upande mmoja, na majirani walikuwa wamejipanga pale na simu zao wakiipiga picha theluji juu ya mapaa. Nikawapita bila salamu, nikafungua mlango.

Joto lilinipokea usoni. Nakumbuka kwamba nilisema "Alhamdulillahi" kwa sauti.

Katikati ya sebule palikuwa na mbaula, yaani debe la bati lililotobolewa matundu ubavuni, ambalo walinzi na wauza mahindi hutia makaa na kuota moto mtaani. Mama mkubwa alikuwa amemwomba mlinzi wa jengo aliwashe uani na kumpandishia. Makaa yalikuwa mekundu, hayana moshi hata kidogo. Mama mkubwa alikuwa amelivuta kochi karibu yake. Upande wa pili mwenzangu alikuwa anamsuka msichana wa Kikenya, mwanafunzi wa chuo kule Braamfontein, aliyekaa kwenye kistuli, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama.

"Umeona snoo?" yule msichana akaniuliza, uso umemwaka. "Nimetuma video kwa wote nyumbani."

"Nimeiona. Iko ndani ya chupi yangu," nikamwambia, na mama mkubwa akacheka, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

Nikavua raba na soksi, nikavianika ukingoni mwa kochi, nikakaa sakafuni na kunyoosha miguu kuelekea mbaula. Maumivu ya vidole kurudiwa na damu ni kitu ambacho sikukijua kabla ya mwaka ule. Yalipopoa nilihisi utamu wa kulala. Mama mkubwa alikuwa anasimulia kipupwe kimoja cha zamani, ya kwamba bomba za jengo zima ziliganda wakawa wanateka maji mtaa wa pili. Msichana wa Kikenya akiuliza maswali. Sauti zao zikaanza kunifikia kwa mbali, kama watu wanaoongea chumba cha jirani. Kichwa kikaanza kuuma. Nilidhani ni baridi ya njiani. Kisha kikawa kinauma kama kilichofungwa mshipi, toka paji la uso mpaka kisogoni, na moyo ukawa unanienda mbio hali nimekaa tu.

"Aki kichwa inaniuma," yule msichana akasema. "Umenivuta sana?"

Mwenzangu akaacha kusuka. Niliona mikono yake imesimama hewani na nywele bandia zinaning'inia. Alikuwa anaitazama mbaula.

"Mama, tutoe hii kitu inje," akasema.

"Kitu gani?"

"Hii makala. Tuitoe sasa hivi."

"Usinitie wazimu. Unaona moshi hapo?"

"Ile yenye inauaga haina moshi."

"Anayetaka kwenda nje mlango ule pale," mama mkubwa akasema, na kujifunga kanga vizuri. "Mimi nimeota moto huu miaka yote tangu hujazaliwa."

"Mama, kwetu Bukavu, wakati wa mvua, batu banaingiza makala mu nyumba, banafunga mlango, asubui hakuna mwenye anaamuka. Minabaona na macho yangu."

"Muache mama mkubwa aote moto wake," nikamwambia mwenzangu. Ulimi ulikuwa mzito, na nilichokuwa nakitetea hasa ni ile miguu yangu.

Aliweka kitana chini. Wakati huohuo yule msichana akainuka kutoka kwenye kistuli, pengine alitaka maji, akapiga hatua moja, akaenda chini taratibu kama nguo inayoteleza kwenye kamba. Hakupiga hata kelele.

Mwenzangu alilirukia dirisha. Alibandua gundi kwa kucha, vipande vikatoka vifupi vifupi, akashika mkono wa dirisha akauvuta kwa nguvu zake zote. Halikufunguka. Kutu na tabaka zile za gundi vilikuwa vimelishika. Akaingia jikoni, akatoka na mchi wa chuma tuliokuwa tunatwangia kitunguu saumu, akauzungusha mara moja. Kioo kikaporomoka, na upepo ukaingia na theluji yake mpaka juu ya zulia.

"Dirisha langu!" mama mkubwa akapiga ukelele. Akataka kusimama ili amfuate, akashindwa. Akajaribu tena. Uso wake ulikuwa umeiva wekundu usio wa kawaida, na mdomo ukawa unatafuta maneno.

"Weye!" mwenzangu akanipigia kelele. "Beba mama yako! Toka naye!"

Nilisimama. Miguu ilikuwa kama si yangu, kama vitambaa vilivyolowa. Nikamshika mama mkubwa kwapani, nikamburuta, mwanamke mzito yule, kanga zinamvuka, anasema "niache, niache" kwa sauti ya mtu aliyelewa, visigino vyake vinachora mstari kwenye zulia. Mlangoni nilianguka, nikainuka, nikamvuta mpaka kwenye ujia. Mwenzangu alikuwa ametutangulia akimvuta msichana. Alimlaza juu ya theluji, akarudi ndani. Akatoka na mbaula ameishika kwa taulo mbili, mikono ameinyoosha mbali na kifua, akaitua kwenye ujia nayo ikafoka mvuke.

Nilitapika pale ukutani. Yule msichana alikuwa amefumbua macho na analia, anauliza yuko wapi. Mama mkubwa alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho, anahema. Nikatazama pembeni kutafuta msaada. Jirani mmoja, aliyekuwa anachukua video ya theluji juu ya mapaa, alikuwa ameigeuza simu yake kutuelekea sisi.

Sijawahi kumchukia binadamu kama nilivyomchukia yule kwa muda ule. Lakini sikuwa na nguvu. Mwenzangu ndiye aliyemfuata, akaipiga simu kofi ikaruka, akamtukana kwa Kifaransa kisha kwa Kiswahili cha kwao, na kumalizia kwa Kizulu ili asije akasema hakuelewa. Mtu yule aliokota simu yake, akasema "eish," akaingia kwake na kufunga mlango.

Aliyetusaidia alikuwa Mkongo mwingine, mlinzi, si yule wa jengo letu, aliyekuwa anapanda ngazi akitoka kazini. Alimbeba mama mkubwa mgongoni ghorofa zote nne. Gari la wagonjwa tulilipigia likasema barabara ni mbaya, tungoje. Hatukungoja. Mlinzi yule alisimamisha gari la mtu asiyemfahamu, akatupakia. Hospitalini waliwawekea mama mkubwa na yule msichana hewa ya kwenye mtungi, mimi wakanipa kiti na mfuko wa kutapikia. Nesi alisikiliza habari yetu bila kushangaa.

"Makaa ndani, madirisha yamezibwa," akasema. "Ninyi si wa kwanza wiki hii. Mmeamka, wengine hawaamki."

Mama mkubwa aliruhusiwa kesho yake. Alipanda ngazi akipumzika kila ghorofa, nikimshika mkono. Alipoingia sebuleni hakukaa. Alikwenda moja kwa moja mpaka dirishani, ambako mwenzangu alikuwa ameziba kwa kadibodi, akaigusa, akageuka.

"Nani atanitengenezea dirisha langu?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Siku ile nzima alikaa na simu akiwapigia ndugu, na nilimsikia akisema kwamba presha ilimpanda, kwamba madaktari wamethibitisha ni presha, na kwamba Mkongo aliyemhifadhi kwake kwa huruma amemvunjia nyumba wakati yeye ni mgonjwa hawezi kujitetea. Makaa hakuyataja. Jioni mwenzangu alipotoka kwa mteja, mama mkubwa akamwambia atafute pa kukaa.

Mwenzangu aliweka mkoba wake chini. Mikono yake ilikuwa na malengelenge kwa sababu ya lile debe la moto, amefunga vitambaa, na siku nzima alikuwa amesuka hivyohivyo. Akaingia chumbani akaanza kukunja nguo.

Sikuwahi kumpandishia sauti mtu wa umri ule.

"Mama mkubwa, yule ndiye aliyekutoa humu ukiwa hai."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza. Ungekufa kwenye hilo kochi. Na mimi miguuni kwako, na mtoto wa watu."

"Mimi nimekupokea hapa kwa sababu ya mama yako," akasema. "Unanisimamia kichwani ndani ya nyumba yangu kwa ajili ya Mkongo? Nitampigia mama yako sasa hivi, asikie ulivyonikosea adabu."

"Mpigie," nikamwambia. "Na umwambie ulikuwa unaota nini."

Alininyooshea mlango. Nikaingia chumbani na kuvuta begi langu chini ya kitanda. Mwenzangu aliacha kukunja nguo, akanitazama.

"Na weye unaenda wapi?"

"Sijui. Unaenda wapi wewe?"

Alisonya. Alisema anamjua mtu Jeppestown mwenye vyumba. Hakusema nije, wala hakusema nisije. Siku mbili tatu baadaye, chumba kilipopatikana, tulishuka ngazi zile na mizigo yetu kichwani. Theluji ilikuwa imekwisha siku ya pili yake, imebaki michirizi michafu kivulini, na baridi iliyokuja nyuma yake ilikuwa kali kuliko ile ya mwanzo.

Chumba kilikuwa katika ghala lililogawanywa kwa mbao nyembamba, karibu na karakana yangu. Ukikohoa, jirani wa tatu anakupa pole. Choo kilikuwa uani, na bomba la uani liliganda asubuhi hata tukawa tunalimwagia maji ya moto kupata maji ya baridi. Sikumpenda mwenzangu zaidi ya nilivyompenda Yeoville. Alikuwa anakoroma, alikuwa anatumia sufuria yangu bila kuomba na kuirudisha na ukoko, na aliimba nyimbo za kanisani mapema Jumapili, siku ambayo mimi nilikuwa na ruhusa ya kulala. Naye alilalamika kwamba natia pilipili kwenye kila kitu na kwamba kikohozi changu ni cha makusudi.

Mama alinipigia Agosti, ule upepo wa vumbi ulipokuwa umeanza, mchanga unaingia kwenye meno. Habari zilikuwa zimemfikia kama zilivyotaka kumfikia.

"Ni kweli ulimkosea adabu dada yangu?" akaniuliza.

"Ni kweli."

Nikamsimulia yote, mbaula, mchi, hospitali. Halafu akasema atazungumza na dada yake, kwa sauti ambayo nilijua hayatakuwa mazungumzo mafupi.

"Na huyo Mkongo," akaendelea, "ndiye unayekaa naye hata sasa?"

"Ndiye."

"Kwa hiyo ni rafiki yako."

Nikamtazama mwenzangu, ambaye alikuwa anasikia kila neno kwenye spika ya simu. Alikuwa amekaa kwenye kitanda changu, siyo chake, miguu ameilowesha kwenye beseni langu.

"Hapana," nikamwambia mama.

Mwenzangu alitikisa kichwa kukubali, akanyoosha mkono akaomba chumvi ya kutia kwenye maji ya beseni.